Jina la Mama Kwenye Orodha

Mimi ndiye niliyeharibu. Msimtafute mtu mwingine.

Mwaka jana nilitoka Dodoma mjini, ninakoishi, nikaenda Farkwa kumsalimia mama yangu, Evelina. Nikamkuta uani na Dada Ruthu, afisa ustawi wa jamii. Halmashauri ilikuwa inaandikisha wazee wanaoishi peke yao: fundi awawekee vyuma vya kushikilia chooni, na mhudumu wa afya apite kila asubuhi kuwajulia hali. Mama alishakubali. Kuhamia kwangu hakutaka hata kusikia. "Nikiwa kwangu sipangiwi saa ya kuamka," alikuwa akisema.

Ruthu akauliza, "Kwa hiyo bibi, niandike unaishi peke yako?"

Nikaruka kama nimekanyaga kaa la moto. "Peke yake vipi? Ana watoto watano! Andika anaishi na sisi."

Sikuwa na nia mbaya, jamani. Kwetu mama akiandikwa hana mtu, ni watoto wametukanwa, na majirani wawili walikuwa wamesimama pale wanasikia. Mama akaniambia taratibu, kwa Kisandawe chetu, nimwache aandikwe. Nikamkatiza. Mimi, kumkatiza mama yangu! "Vyuma nitaweka mwenyewe," nikasema. Ruthu akamtazama mama, mama akainama, jina likakatwa.

Mnajua niliviweka lini? Mwezi ujao. Kila akipiga simu, mwezi ujao.

Mvua za Januari zikalowesha sakafu ya choo. Mama akateleza asubuhi, akavunjika nyonga, akalala pale chini mpaka saa nane mchana, jirani alipokuja kuomba chumvi. Mhudumu alikuwa ameshapita kwa wazee wenzake wote kijijini.

Sasa yuko kwangu. Mke wangu Sara anamtunza vizuri, sina la kumlaumu. Daktari amesema hatatembea tena bila kushikwa. Habari za kurudi Farkwa ameacha kuuliza. Heri angenifokea, angenitukana, nikapumua.

Jumapili iliyopita nilimkuta ameketi kitandani, amevaa vizuri, khanga begani, anatazama mlango.

"Shikamoo mama. Mbona hujaita tukutoe nje uote jua?" nikamuuliza kwa Kisandawe chetu.

Akanijibu kwa Kiswahili, lugha anayozungumza na wageni.

"Marahaba. Nilikuwa namsubiri mwenye nyumba anipe ruhusa."