Mgonjwa Asiyejua Kukataa

Bwana Shamsudin wa Kibokoni alikuwa na magonjwa mawili. Wa kwanza ulikuwa homa ya baridi, iliyomlaza kitandani harusi ya bintiye Hind ikikaribia. Wa pili ulikuwa adabu, na huo alizaliwa nao.

Mkewe Saadia alimwita daktari wa Kihindi mwenye duka la dawa kule Makadara, naye akaacha vidonge vya kwinini. Ungedhani mambo yameisha. Lakini Kibokoni mtu haendi kumtazama mgonjwa mikono mitupu, wala mgonjwa harudishi dawa aliyopikiwa. Mwanakuu, jirani wa ukuta kwa ukuta, alileta mwarobaini uliochemshwa hadi ukawa mweusi. Sharifu Taib akaleta subiri ya kusafisha tumbo. Bi Khairiya akaleta maji ya mizizi ambayo hakuitaja jina, maana ni siri ya ukoo wao. Kila mmoja aliketi mpaka aone kikombe kimekauka. Shamsudin alikunywa, akakunja uso, akashukuru. Saadia naye, masikini, alifurahi kuona mumewe anapendwa hivyo.

Jumatano asubuhi Shamsudin hakuweza kuketi. Tumbo lilikuwa likimwendesha, jasho jembamba likimtoka, na masikio yakimvuma hata adhana hakuisikia. Saadia aliogopa kwelikweli. Harusi ilikuwa Ijumaa, na tangu Hind azaliwe mumewe alikuwa akisema kwamba ni yeye, si wakili, atakayemshika mkono bwana harusi na kumwoza mwanawe.

Daktari alipofika aliona vikombe vimepangwa dirishani, akavinusa kimoja kimoja. Cha Mwanakuu kilimrudisha nyuma.

"Amekunywa yote haya pamoja na kwinini yangu?"

"Kwani si dawa zote?" Saadia akauliza.

"Ndiyo taabu yenyewe, Bibi. Kwinini peke yake huvumisha masikio. Ukiichanganya na mizizi nisiyoijua, huenda ikazidi ukali. Na hii subiri yamwendesha tumbo, huenda kidonge kikatoka kabla hakijafanya kazi. Sasa siwezi kujua ni kipi kilichomdhuru." Akapunguza kwinini, akaagiza mgonjwa apewe uji wa sukari na maji kwa wingi. "Dawa nyingine yoyote asinywe mpaka vidonge viishe."

Ni rahisi daktari kusema. Yeye si jirani wa Mwanakuu. Ukimrudishia Mwanakuu kikombe chake, haji kupika pilau ya harusi, na mtaa mzima utajua sababu kabla ya magharibi. Saadia akaenda kukaa mlangoni mwenyewe, na haukupita muda Mwanakuu akatokea na kikombe kilichofunikwa kawa.

"Sabalkheri, dada. Yu hali gani?"

"Sabalkheri. Afadhali kidogo. Lakini dawa yako ni kali, Mwanakuu. Daktari ameinusa akarudi nyuma."

Mwanakuu akanyoosha shingo. "Daktari mwenyewe?"

"Wallahi. Asema isichanganywe na kitu. Vidonge vikiisha, zamu ya kwanza nakuwekea wewe."

Mwanakuu aliondoka kama aliyevishwa joho. Sharifu Taib akapewa zamu ya pili, Bi Khairiya ya tatu, na hakuna aliyenuna. Kila mmoja alikwenda kusimulia jinsi dawa yake ilivyoogopwa.

Ijumaa Shamsudin alishuka ukumbini, amekonda, kanzu ikimning'inia. Wanawake walikaa nyuma ya pazia, Saadia mbele yao, roho juu. Mumewe aliushika mkono wa Athmani, bwana harusi, akayasema maneno ya kumwoza Hind bila kukosea. Athmani alikuwa na haya. Jibu lake lilitoka kwa sauti ya chini mno.

"Umesikia?" kadhi akamuuliza Shamsudin.

"Nimesikia, alhamdulillahi."

Saadia akajifuta machozi kwa ncha ya leso. Mwanakuu akamsogelea sikioni akanong'ona, "Waona? Dawa yangu imemponya hata kabla ya zamu yake."

Kutoka upande wa pili wa pazia ikaja sauti ya Shamsudin, ya upole kama kawaida yake.

"Ahsante sana, Mwanakuu. Nakingojea hicho kikombe."