Mahojiano ya Mjomba Crispus

Mimi hufundisha watoto baleti katika ukumbi wa kanisa hapa Voi, na kabla hujacheka, simama kwa ncha za vidole vya miguu kwanza, halafu urudi tuongee. Jumamosi, watoto wakipumzika, huwachezea mahojiano ya zamani ya redio. Yamejaa mtandaoni: wachezaji wakubwa wa baleti na watunzi wa dansi, wengi wao marehemu sasa, wakieleza walivyoanza, walivyoumia na nani aliwashika mkono. Sijali kama watoto wanaelewa kila neno, ninachotaka ni wasikie mtu mkubwa akimtaja mwalimu wake. Karibu wote hutaja. Hata wale wenye majivuno ya kupitiliza, wakibanwa na mtangazaji, hukohoa kidogo na kusema kulikuwa na mama fulani mtaani kwao.

Mjomba wangu hakukohoa.

Redio moja ya ng'ambo ilikuwa imeweka mtandaoni kanda za zamani za idhaa yake ya Kiswahili. Humo nikakuta mahojiano ya mwaka wa sabini na tisa na Crispus Mwakio, Mdawida wa huku kwetu Taita aliyekwenda London kusomea baleti akatunga dansi iliyompa jina, "Mkonge". Huyo ndiye mjomba, mdogo wake mama. Nilifurahi kama mjinga. Nikawakalisha watoto chini, nikaongeza sauti.

Mtangazaji akamuuliza kuhusu zile hatua ambazo mchezaji huvuta mkono kutoka begani kama anayekung'uta kitu kizito, huku mguu ukizunguka nyuma. Alizitoa wapi?

"Zilinijia ndotoni," akajibu mjomba kwa sauti tamu ya ujana.

Hakuna aliyekusaidia? Hakuna. Na dada yako, je? Tunasikia mlicheza pamoja utotoni.

Mjomba akacheka. "Dada yangu? Yule kazi yake ilikuwa kupika. Hana mguu wa kucheza."

Niliizima simu kwa nguvu hadi ikaniponyoka. Mtoto mmoja akaniuliza, "Teacher, ndoto gani? Si ulituambia hizo hatua ni za mama yako?" Nikawaambia darasa limekwisha, waende kwao.

Maana ni za mama. Mama yangu, Tryphena, alikulia katika kambi ya wafanyakazi wa shamba la mkonge. Mke wa meneja, Mzungu, alikuwa akiwafunza binti zake baleti barazani, na mama akawa anajificha nyuma ya ua kuchungulia. Alichokiona alirudi nacho kambini akamfunza mdogo wake, Crispus. Kisha akachanganya na jinsi bibi alivyokung'uta nyuzi za mkonge kabla ya kuzianika, mkono kutoka begani, mguu nyuma. Nilijifunza hatua hizo jikoni kwetu kabla sijaanza shule. Mke wa meneja alipowagundua wote wawili, akaahidi kumtafutia mmoja nafasi London. Akapelekwa mvulana. Mama alibaki, na mtu akimuuliza, jibu lake ni lile lile: "Mimi sina hasira na mtu."

Basi mimi nikawa nayo kwa niaba yake. Nilituma kanda ile kwenye kundi la WhatsApp la ukoo na kuandika chini yake: Mjomba ni mwizi. Danson, mtoto wa mjomba, mwenye kazi ya ofisi Nairobi, akajibu upesi. "Wendy, please, tulia. Hiyo ni story ya 1979." Nikamwandikia kwamba basi baba yake aombe msamaha wa 1979. Shangazi wawili wakatoka kwenye kundi. Mwingine akaweka aya ya Biblia kuhusu ulimi. Mama akanipigia.

"Futa."

"Sifuti, mama. Amesema huna mguu!"

"Nimesikia alivyosema," akajibu, kisha akakata simu.

Mwezi haukuisha mjomba akaugua, akalala kitandani. Alikuwa amestaafu kwao Rukanga, chini ya mlima Kasigau, katika nyumba aliyojenga kwa jasho lake, au kwa jasho la mama, kutegemea unavyohesabu. Miguu ilivimba, pumzi ikawa ya kuvuta. Dawa za hospitali alimeza na hali ikabaki vile vile, na watu wakaanza kusema kile kinachosemwa kwetu: katika ukoo huu kuna hasira ya mtu.

Kwetu Udawida, hasira ya ndugu ikikaa moyoni inaweza kumlaza mwingine kitandani, hata kama mwenyewe hakumwombea mabaya. Njia ya kuiondoa ni kutasa. Mwenye hasira hujaza kinywaji kinywani, zamani ilikuwa pombe ya muwa, akakipuliza nje na kutamka kwamba moyo wake umekuwa mweupe. Wengi wetu siku hizi ni watu wa kanisa na hujifanya wameyasahau hayo, hadi mtu wao augue.

Wala hawakuuliza ni hasira ya nani. Danson alinipigia akiwa mpole ajabu. "Wendy, mzee anataka utase."

"Aseme kwanza kwamba aliiba."

"Hawezi kuongea sana, jameni."

"Redioni aliongea vizuri tu."

Ningeshikilia hapo hapo, lakini kesho yake mama alikuja kwangu akiwa tayari amevaa, leso begani, akasema twende. Tukapanda gari kutoka Voi hadi Maungu, na jingine kutoka Maungu hadi Rukanga.

Mjomba alikuwa ameketi sebuleni, blanketi mapajani. Ukuta mzima ulikuwa picha zake akiwa hewani, miguu imenyooka. Nilizikagua moja moja na sikumwona mama hata kwenye kona. Watu walikuwa wamejaa kwenye viti vya plastiki. Danson akafungua maji ya chupa, maana mchungaji alikuwepo na pombe isingewezekana, akayamimina kwenye kata ya kibuyu na kunipa mimi.

"Mwanangu," mjomba akasema, "nilikukosea nini?"

Mimi! Damu ilinichemka. "Unaniuliza mimi, mjomba? Mimi nilikuwa hata sijazaliwa!"

"Wendy," mama akasema. "Tasa."

Nikajaza maji mdomoni, nikayapuliza sakafuni mbele ya miguu yake, nikatamka kwamba hasira yangu itoke, mjomba apone. Na niseme ukweli, ilipungua. Mimi nikishafoka huwa nimemaliza. Nilipoiona ile miguu imevimba, nilimhurumia, na huruma hiyo ikaniudhi. Watu wakapumua. Mchungaji akasema amina, na Danson akaagiza chai iletwe.

Mama akanyoosha mkono. "Nipe hiyo kata."

"Anti, imetosha," Danson akasema. "Tumeshamaliza."

"Mmekosea mtu. Hasira ya Wendy ni ya juzi, na yote huishia mdomoni. Mimi hakuna aliyeniuliza."

"Si wewe husema huna hasira?"

"Nilidanganya."

Danson aliijaza kata maji tena, akampa. Mama akajaza kinywa, mashavu yakafura. Mjomba akainamisha kichwa kuyapokea, macho amefumba. Sote tulingoja. Nikaona koo la mama likipanda na kushuka.

Alikuwa ameyameza.

Akanywa funda jingine, akameza. Na jingine. Aliyanywa taratibu, akimtazama mdogo wake, hadi kata ikakauka, akaifudikiza juu ya meza. Mimi mwenye kelele zote zile, kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimwogopa mama yangu.

Mjomba akainua kichwa.

"Tryphena," akasema. "Zile hatua zilikuwa zako. Zote."

"Usiniambie mimi," mama akasema, akijifunga leso yake. "Mimi nilikuwepo."