Watafika, Hawatafika

Mwalimu alipenga kamasi kwenye kitambaa, kisha akafutia ubao kitambaa kilekile. Palepale penye unyevu akaandika safu mbili: WATAFIKA na HAWATAFIKA.

Darasa letu la jioni lilikuwa katikati ya riwaya kongwe, ya dada na kaka wanaokanda unga kwenye tanuri la mikate la watu huku wakiota kuwa na lao. Kila mtu atabiri kama watalifikia. Atakayeshindwa, mwalimu alisema, mtihani ni mwakani. Mimi hufua mashuka ya hospitali. Bila mtihani ule, uuguzi ningeusikia kwa jirani.

"Hawatafika!" alisema fundi magari. "Kaka mwenyewe kifua kimeoza. Nani atakula mkate wenye makohozi?"

Wakaangua kicheko.

"Na dada mtu atabeba mimba, mtaniambia," alidakia msusi.

"Na wakifika?" Mwalimu alishika tumbo. "Maskini akipata, matako hulia mbwata!"

Mate yalimruka yakatua kwenye kitabu changu, juu ya jina la yule dada. Nikayafuta kwa kanga. Kinyaa kilinipanda, na si cha mate tu. Ubaoni alama za wote waliotabiri zilijaa upande mmoja, wa HAWATAFIKA.

"Mama Pacha, tumalizie."

"Bado, mwalimu."

"Hujasoma?"

"Nimesoma. Jibu langu ndilo hilo: bado."

"Bado si jibu."

"Wanangu hawajatembea. Mtu akiniuliza, nimwambie hapana? Si nitakuwa nawaapiza? Nasema bado."

"Hao ni watu wa karatasini, shoga yangu," msusi alisema.

"Mbona mimba yao umeiona?"

Fundi akacheka peke yake.

"Chagua safu," mwalimu alisema, "au tuonane mwakani."

Niliyafikiria mashuka, yale ya wodi ya wazazi hasa. Nikainuka, nikachukua chaki. Kwenye HAWATAFIKA nilifuta T kwa kidole, nikaweka J.

HAWAJAFIKA.

Alama zote zikawa chini yake, ya fundi, ya msusi, ya kila aliyecheka. Msusi alisoma kwa sauti, polepole, kama anayeonja kitu.

"Umeniharibia ubao," mwalimu alisema. "Mwakani!"

"Haya, mwalimu. Mwakani."

Nilikusanya vitu vyangu. Nusu ya riwaya ilikuwa imebaki, na sikutaka kuisomea tena katika chumba kile. Ningeisomea kitandani, wanangu wakiwa kulia na kushoto, kwa sauti.