Uji Mlangoni pa Mama Mkwe

Kwetu Ukambani mwanamume hamtazami mama mkwe wake usoni, wala haingii anapolala. Hiyo ndiyo nthoni, haya ya wakwe, na mimi Mbuvi niliishika kuliko wengi. Nalieleza hilo mapema ili mnielewe, si ili mnisamehe.

Mwaka wa sabini na nane homa ya mafua ilipita kijijini kwetu, upande wa Mutomo, ikaangusha watu nyumba kwa nyumba. Kwangu niliileta mwenyewe, nikirudi sokoni na chafya zangu. Siku mbili nikapona, maana mwili wangu ni wa punda. Mama mkwe, aliyekuwa amekuja kumlea mjukuu wake Musembi, hakuwa na mwili huo. Mtoto naye alipoanza kuhema vibaya, mke wangu Kavata alimfunga mgongoni akaenda naye hospitali, wakalazwa.

Kabla ya kuondoka aliniambia, "Tafuta mwanamke wa kumshika Mama. Na anywe, hata akikataa."

Wanawake wote walikuwa kitandani. Jirani yetu Mumbua nilimwita nikiwa uani, akanijibu kwa kikohozi. Basi nikapika uji wa mawele mwenyewe, nikaupeleka nyumba ya jikoni alikolala mgonjwa. Nikasukuma mlango kidogo, uso nimeugeuzia zizi, nikaweka bakuli chini.

"Mama, uji ni huu."

"Asante, Baba Musembi."

Nikaenda kunywesha ng'ombe mtoni. Niliporudi, bakuli lilikuwa tupu.

"Umekunywa, Mama?"

"Nimekunywa."

Nikajisifu moyoni. Kesho yake vivyo hivyo, asubuhi na jioni. Sauti yake ilizidi kufifia, nami nikajiambia ni usingizi. Niseme ukweli: sikutaka kujua. Mama huyu aliwahi kuikataa posa yangu mara mbili akisema mimi ni mvivu, na kusimama nje ya mlango wake kulinifaa. Haya ilikuwapo, lakini chuki ndogo ilikuwa imejificha nyuma yake.

Siku ya tatu nilisahau kamba ya ndama, nikarudi kutoka njiani. Nikamkuta mbuzi wangu mwekundu ameingiza kichwa mlangoni, analamba bakuli. Akageuka kunitazama, ndevu zimejaa uji.

Siku mbili mbuzi ananenepa, na mama wa mke wangu anakauka hatua tatu kutoka kwenye chakula. Hakuwa na nguvu za kukifikia, na hangeniita niingie, kwa sababu naye alikuwa na haya yake.

"Mama, naingia."

Hakujibu. Nikaingia.

Midomo ilikuwa imepasuka, shuka limelowa jasho, na mwili wake ulichoma kama jiko. Nikamwinua, nikamwegemeza kifuani pangu, nikamnywesha maji kwa kijiko. La kwanza lilimwagika, la pili pia. La tano likashuka. Akasema macho yamefungwa, "Kavata, umekuja?"

Angeisikia sauti yangu, aibu ingemmaliza kabla ya homa. Nikanyamaza, nikachota kijiko kingine. Machozi yalinitoka mpaka nikawa sioni kinywa kilipo. Tulikaa hivyo hadi jioni, ng'ombe wakilia kwa kiu.

Mungu si Athumani, alipona. Kavata aliporudi na mtoto mzima nilimweleza yote nyuma ya zizi.

"Usimwambie Mama," akasema, akaenda zake.

Jumapili moja baadaye mama mkwe alisimama kanisani kutoa ushuhuda. Alimshukuru Mungu, akamshukuru binti yake aliyemwacha mtoto hospitali akaja kumnywesha maji. Kisha akanyoosha mkono upande wa wanaume, uso ameugeuza kando.

"Na mkwe wangu. Uji alileta kila siku, na mlango hakuvuka hata mara moja. Huyo ni mtu wa heshima. Vijana, mwigeni yeye."

Kanisa zima likapiga makofi. Kavata aliinamisha kichwa juu ya mtoto, hakupiga. Mchungaji akanionyesha kwa mkono nisimame, nikasimama, nikapigiwa makofi kwa ajili ya siku mbili nilizokaribia kumuua.