Baba Mdogo Hataki Kupatikana

Shirika la misaada lilikuwa na idara nyingi, lakini ile ya kutafuta waliopotea ilipewa chumba kilichowahi kuwa choo, pamoja na mfanyakazi mmoja, aliyeitwa Pua kwa kuwa akikunusa umepatikana. Baada ya mafuriko aliwarudisha watoto kwa mama zao, na mama mkwe mmoja kwa mkwewe ambaye, tuseme ukweli, hakuwa akimtafuta kwa bidii.

Sasa alimtafuta mume wa mama yake mdogo, huyo mama aliyemlea; mume huyo alipotea siku ya mafuriko. Ukoo mzima ulishamzika baba mdogo kwa mdomo. Mkewe tu ndiye aliyekataa. Pua alimkuta baba mdogo mji mwingine, kinyozi, kapaka nywele rangi, kitambi mbele, buheri wa afya.

"Mwambie nimekufa maji," baba mdogo alisema, wembe mkononi.

"Shirika halisemi uongo. Nitamwambia uko hai, ila hutaki ajue ulipo. Hiyo ni haki yako."

"Si ndiyo mbaya zaidi?"

"Mbaya sana. Bora umpigie simu mwenyewe."

Baba mdogo akamgeukia mteja na kuanza kumpaka povu. Pua alitamani kumzaba kofi, lakini alikuwa amevaa fulana ya shirika. Njia nzima ya kurudi alitunga maneno, na yote yalikuwa ya kipumbavu.

Alimkuta mama mdogo akipiga pasi suruali za mumewe, kama alivyofanya kila wiki tangu mafuriko.

"Yuko hai," Pua akasema. "Hataki ujue alipo."

Mama mdogo aliiweka pasi pembeni taratibu. "Kwa hiyo wewe unajua."

"Najua."

"Na huniambii. Mimi niliyekuogesha."

"Siruhusiwi, mama." Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka.

"Anaumwa?"

"Amenenepa."

Hapo ndipo mama mdogo alipolia, mara akisema heri angekufa, mara akimwomba Mungu asisikie hayo. Kisha akapenga kamasi kwenye suruali mojawapo, akazikunja zote, akazishindilia kwenye mfuko.

"Huko kwenu mnagawa nguo?"

"Tunagawa."

"Apewe yeyote mwenye shida. Isipokuwa yeye."

Pua alifungua mdomo kumweleza kwamba shirika halibagui mtu, awe mwema au mwovu. Akaufunga, akaupokea mfuko.