Ng'ambo ya Mto Mkavu

Ugomvi ulianza asubuhi, kakao ikiwa bado inafuka moshi vikombeni. Rulon alikuwa amekaa nyuma ya pikapu akifunga kamba za viatu. Akasema bila kumtazama mkewe, "Marva, leo tangulia. Peleka gari mpaka kambini, utusubiri huko."

"Nitangulie? Na kifua kikikubana njiani, nani atakuokota?"

"Twyla yupo."

"Twyla! Twyla hata kuku akizimia hajui amshike wapi."

"Nakusikia, wifi," akajibu Twyla kutoka ndani ya hema, mdomo umejaa mkate. Alikuwa dada mdogo wa Rulon, mwanamke wa miaka hamsini na tano mwenye miguu kama ya swala.

Miezi minane nyuma Rulon alipasuliwa moyo. Tangu siku ile Marva alikuwa mlinzi wa kila kitu: vidonge, chumvi, hata ngazi za nyumbani kwao katika mji wa Price. Madaktari walipomruhusu mumewe kupanda baiskeli tena, jambo la kwanza alilotaka ni safari ya San Rafael, siku nne za kupita makorongo kwa baiskeli za milimani na kulala kwenye mahema, kama alivyofanya na dadake kila Septemba tangu ujana wao. Marva alikubali kwa sharti moja: yeye ndiye ataendesha pikapu ya maji na chakula. Basi siku mbili nzima akawa nyuma yao kwa mwendo wa konokono, akimeza vumbi jekundu. Rulon akisimama tu kupiga chafya, Marva anapiga honi.

"Mimi si mgonjwa tena," Rulon alisema sasa, na sauti yake haikuwa na mzaha. "Nipe siku moja bila macho yako mgongoni."

"Haya, nenda. Ila ukianguka huko, usiniite."

Neno lilimtoka kabla hajalipima. Mahema yalipokwisha kupakiwa, akaingia garini, akabamiza mlango, akaondoka.

Kabla ya saa sita alikuwa amevuka mto mkavu na kufika kambini, kwenye kiinuko upande wa pili. Akapiga mahema, akatoa viti, akapanga vyombo, kisha akavipanga upya. Juu yake mbingu ilikuwa nyeupe kwa jua. Mbali, juu ya milima ya magharibi, kulikuwa na wingu moja jeusi. Aliliona, akalipuuza, kwa kuwa masikio yake yote yalikuwa yakisubiri sauti ya matairi.

Alichosikia ni ngurumo, kama treni ya makaa ya mawe inapopita mjini kwao. Akageuka. Maji mazito ya rangi ya matofali yalikuwa yakishuka kwenye mto mkavu, yamebeba matawi na magogo. Kufumba na kufumbua, alama za matairi ya gari lake zilikuwa zimefunikwa, na mto ulikuwa umejaa kingo kwa kingo.

Saa saba, ndiyo saa waliyopaswa kufika, ilikuwa imepita. Simu haikushika mtandao. Marva alishuka mbio hadi ukingoni, akaangalia juu, akaangalia chini. Hapo ndipo alipoiona chupa ya maji ya bluu, ya aina ile inayochomekwa kwenye baiskeli, ikizunguka kati ya matawi. Ya Rulon ilikuwa ya bluu.

"Rulon!"

Alikimbia kandokando ya maji akiifuata mpaka vichaka vikamzuia. Chupa ikapotea. Akakaa kwenye tope, mikono juu ya kichwa. "Nilisema vibaya tu," alimwambia Mungu. "Unajua kuwa nilisema vibaya tu."

"Wifi! Wee wifi!"

Twyla alikuwa ng'ambo, juu ya mwamba, anapunga kofia yake ngumu ya baiskeli. Alikuwa peke yake.

"Kaka yako yuko wapi?"

Twyla akaweka kiganja nyuma ya sikio.

"Yuko wapi Rulon?"

Twyla akaelekeza kidole nyuma. Kwenye kilima akatokea Rulon, anasukuma baiskeli mbili, moja kila mkono. Alipofika juu akazilaza chini na kunyoosha mgongo kama mtu aliyetoka kulima. Marva alitaka kucheka, lakini kilichotoka ni kilio.

"Chupa yako iko wapi?" alipaza sauti.

"Nini?"

"Chupa! Ya bluu!"

Rulon akaichomoa kwenye baiskeli, akaiinua juu. Ile iliyopita na maji ilikuwa ya nani, Marva hakujua kamwe.

"Cheni ya Twyla imekatika!" Rulon akaita. "Tumetembea maili nne!"

"Na kifua?"

"Kifua kipo!"

Maji yalipopungua hadi magotini, Marva akavua viatu. Rulon akafoka kutoka ng'ambo: "Usiingie! Kaa hapo hapo. Leo mimi ndiye ninayekuchunga wewe."

Akakaa, akavaa viatu tena. Hakukumbuka ni lini mara ya mwisho alimtii bila kubishana. Ilipotimu saa kumi wakavuka, maji yakiwa chini ya vifundo. Marva aliweka sikio juu ya kovu la mumewe, akausikia moyo unadunda haraka lakini sawasawa.

"Isingekuwa cheni yangu tungekuwa katikati ya mto maji yalipofika," alisema Twyla. "Kuanzia leo mniheshimu."

Marva alipasha moto chakula alichopika nyumbani, viazi vya kuoka na jibini, vile ambavyo kwao kila mwanamke hupeleka kwenye matanga. Rulon akafunua sufuria.

"Marva! Viazi vya msibani? Kumbe ulishajiandaa!"

Twyla akapaliwa. Marva alijaribu kukasirika, akashindwa. Walicheka mpaka wakashika mbavu.

"Asubuhi nilisema neno," Marva alisema baadaye.

"Mimi nilikuwa nafunga viatu. Sikusikia kitu."

Alikuwa amesikia, na wote wawili walijua. Jua lilikuwa bado kwenye majabali Marva alipotandika blanketi kivulini mwa pikapu. Rulon na Twyla walikuwa wameinamia ile cheni, wanabishana nani anajua kuiunga. Alikusudia kuwasikiliza kidogo, kisha aoshe vyombo. Lakini usingizi ulimchukua, viatu vikiwa bado miguuni.