Mama wa Mgonjwa

Mama alitangaza kwamba anakwenda kushonwa masikio huku akichambua mchele, kama mtu anayesema sukari imeisha. Mimi nilikuwa nakatakata sukuma wiki za kupeleka kibandani kwangu, na kisu kikaniteleza kidogo.

"Kwa nini?" nikauliza.

"Harusi ya Warigia imekaribia," akasema, akapuliza makapi.

Hapo roho ikaanza kuchemka, na sitajifanya kwamba haikuchemka. Harusi ya Warigia! Mimi, dada yake mkubwa, niliolewa kabla yake, kanisani, kwa gauni na keki na kila kitu, na Mama alikuja na masikio yake yale yale aliyotobolewa Murang'a akiwa msichana. Siku hizo walivuta ndewe, ile nyama laini ya chini ya sikio, kwa vijiti vilivyozidi kunenepa, mpaka ikabaki kitanzi kinachoning'inia karibu na bega. Picha ya harusi ninayo ukutani sebuleni, hapa Maringo. Mimi na Mbugua wangu tuko katikati, na Mama kando yetu, kitambaa kichwani, vitanzi viwili vikichungulia chini ya kitambaa. Wenzake wote wa chama cha akina mama kanisani walikuwa wameshashonwa. Yeye hakuona haja. Lakini kwa Warigia, mwaka huu wa tisini na sita, na mvi zake zote, anakwenda kukatwa kwa mkasi.

Kwa msiojua desturi yetu sisi Wakikuyu, niwaeleze mpate kuuelewa wivu wangu. Binti wa kwanza hupewa jina la mama yake baba. Wa pili hupewa jina la mama yake mama. Kwa hiyo mimi ni Waringa, jina la mama mkwe wa Mama, bibi mmoja mkali ambaye akikohoa tu nyumba nzima inanyamaza. Warigia ana jina la mama mzazi wa Mama. Basi tangu azaliwe Mama hamwiti kwa jina. Humwita Maitu, yaani mama yangu. "Maitu, njoo ule." "Maitu, nani amekuudhi?" Mimi niliitwa Waringa, kwa sauti ya adabu. Hakuwahi kunichapa, na watoto wa jirani waliniona nina bahati. Lakini pia hakuwahi kunitekenya, wala kunitania, wala kunipakata tangu nipate akili ya kukumbuka. Wakati wa chakula alinipakulia mimi kwanza, kipande kizuri, halafu akarudi jikoni kula na Warigia. Niliwasikia wakicheka huko. Nilikula nyama yangu nzuri peke yangu mezani, nikiwachukia wote wawili.

Na Baba alipofariki, Mama alikuja kukaa na nani? Na mimi. Ninayempikia ni mimi, ninayempeleka kliniki ya presha ni mimi. Warigia huja Jumapili na mkate wa siagi, na huo mkate unasifiwa mpaka Jumatano.

Mbugua aliponiona nimenuna siku hiyo akanitania. "Sasa wewe unalia masikio ya watu? Mwenye haki ya kulia ni mimi. Kila nikilala unanishika sikio, unalivuta kama unakamua ng'ombe."

Ni kweli, ni tabia yangu nikishapitiwa na usingizi. Nilimwambia aninyamazie.

Jumapili Warigia akaja na mchumba wake, Javan Mulongo, kijana wa Maragoli, mpole, anayefanya kazi kiwandani. Wakaanza na Mama habari za mbuzi wa kununuliwa soko la Kiamaiko, na kwaya, na wageni watakaotoka kwa kina Javan, magharibi. Nikamvuta Warigia jikoni.

"Umemwambia Mama akashonwe masikio ili wakwe zako wasimcheke?"

"Mimi? Siste, wacha hizo. Ni yeye ameniambia. Hata nimemshow aache, atajiumiza bure."

"Lakini hukumkataza."

"Sasa nimkataze aje? Si ni masikio yake?"

"Kwangu hakushonwa."

Akanitazama, birika mkononi, halafu akaangua kicheko. "Kumbe ni hiyo! Siste, una wivu mpaka ya masikio?"

"Ndiyo, mpaka ya masikio," nikamwambia. "Mimina chai utoke."

Siku yenyewe ilipofika, Warigia alikuwa ameahidi kutoroka kazini kwake benki saa ya chakula atukute huko. Nikafunga kibanda nikampeleka Mama mapema. Nilisema eti mtu wa umri wake hawezi kwenda peke yake. Ukweli ni kwamba nilitaka kufika kabla ya Warigia, nikae kwenye kiti ambacho yeye angekikalia.

Kliniki ilikuwa ghorofani Makadara, ng'ambo ya mahakama. Daktari Wasike, mtu mnene mwenye vidole vyembamba vya kushangaza, alimgeuza Mama kichwa huku na huku, akapitisha kidole ndani ya kitanzi cha kulia, kisha cha kushoto.

"Mama, nitakudunga sindano ya ganzi. Utasikia nikikushika, lakini hutasikia uchungu," alisema. "Nitakata hii nyama iliyozidi, halafu nikwangue kingo kabla ya kuzishona."

"Kwa nini uzikwangue?" nikauliza kwa ukali, maana nilikuwa natafuta mtu wa kugombana naye.

"Ngozi iliyopona haishikani na ngozi iliyopona. Lazima pande zote mbili ziwe na kidonda, ndiyo zishikane."

Mama akaingizwa chumba cha ndani, nami nikaachwa kwenye benchi la nje pamoja na wagonjwa wengine, nikiangalia mlango wa ngazi, nikimwombea Warigia achelewe.

Baada ya muda mfupi muuguzi akatoka, msichana wa Kikamba aliyeandikwa Koki kifuani. Akaangaza macho benchini, kisha akamwendea ajuza mmoja mwenye bakora.

"Shosho, wewe ndio mama ya mgonjwa wa masikio?"

"Mimi ni wa jino," ajuza akasema, akafunua mdomo amwonyeshe.

Koki akachanganyikiwa. "Mgonjwa ameanza kuogopa. Anasema mama yake akuje amshike mkono. Nimemwuliza kama mama yake bado yuko hai, ameniambia ndiyo, yuko hapa nje ama yuko njiani. Mama yake ni nani hapa?"

Nilimwelewa mara moja. Nimemvisha viatu mimi. Nimemshika mkono kwenye ngazi zote zile mimi. Sasa amelala pale anaogopa, na anayemtaka ni Maitu wake. Hata hofu yake hakuniwekea.

Nikasimama.

"Mama yake ni mimi," nikasema.

Koki akaniangalia kutoka kichwani hadi miguuni. "Wewe? Si wewe ndio ulimleta? Si ni mama yako?"

"Kwetu tunaitana hivyo. Ni mambo ya majina. Unataka nikueleze au unataka nikamshike mkono?"

"Haya basi, nyinyi na mambo yenu," akasema, akanipa gauni la kijani nivae juu ya nguo zangu.

Mama alikuwa amelazwa kwa ubavu wa kushoto, kichwa chote kimefunikwa kitambaa chenye tundu moja, na kwenye tundu hilo limetokeza sikio la kulia tu. Mkono wake ulikuwa umening'inia nje ya meza ukipapasa hewa. Nikaushika. Akanibana kwa nguvu ambayo sikujua anayo.

"Maitu," akasema kwa Kikuyu, "umekuja."

Sikufungua mdomo. Ningesema neno moja tu angeijua sauti yangu, na mkono ungelegea, na adabu ingerudi. Daktari alikuwa ameshaanza kukata. Yeye ni Mbukusu na Koki ni Mkamba, hivyo Mama alizungumza kama mtu aliye chumbani peke yake na mwenzake.

"Mkono wako umekuwa mgumu," akasema. "Kazi ya benki nayo inatoa sugu siku hizi?"

Nikamminya vidole badala ya jibu.

"Usimwambie Waringa kwamba naogopa. Yuko hapo nje amenuna. Amenuna tangu siku ile ya mchele. Najua ananuna kwa nini."

Mkasi ulitoa sauti ndogo. Koki akaweka kitu kwenye bakuli la chuma. Sikutazama.

"Wewe masikio haya uliyachukia," Mama akaendelea. "Unakumbuka siku niliyokuja shuleni kwenu, wenzako wakayacheka, ukajificha chooni mpaka nikaondoka? Sikukulaumu, ulikuwa mtoto. Nikasema siku yako nitayaondoa, usijifiche tena. Lakini Waringa! Huyo aliyapenda kabla hajaota jino. Nikimbeba mgongoni alipitisha mkono wake ndani ya hili la kushoto, akalishika mpaka usingizi ukamchukua. Nikijaribu kumtoa analia. Mama mkwe alinifokea, kwamba mtoto mwenye jina lake asilizwe, asichezewe, aheshimiwe. Nikaogopa. Alipoanza kutembea sikumpakata tena. Ningempakataje mama mkwe? Mpaka leo nikisikia nyayo za Waringa mlangoni najikuta nimekaa wima."

Nilitaka kucheka na nilitaka kumpiga mtu. Miaka yote ile nimekula nyama nzuri mezani peke yangu kwa sababu ya bibi mmoja wa kukohoa.

"Alipokuwa anaolewa, wenzangu wa chama walinijia twende tukashonwe pamoja, maana lori la kanisa lilikuwa linakwenda hospitali. Nikasingizia tumbo. Nilifikiri, huyu mtoto hajawahi kuniomba kitu kingine maishani. Siku ile akigeuka kanisani amtafute mama yake, ayakute masikio haya pale pale alipoyaacha." Akavuta pumzi. "Sasa ana watoto wake watatu wa kumshika yeye masikio. Haya yangu hayahitaji tena."

Daktari alimaliza kushona upande ule, akakata uzi, akabandika pamba. "Mama, sasa tugeuke upande wa pili," akasema kwa Kiswahili, na Koki akainua kitambaa.

Mama akapepesa macho kwa ule mwanga. Akauona mkono kwanza, wenye rangi ya kijani ya sukuma kwenye kucha, na makovu ya kisu. Kisha akaniona mimi. Mpaka leo sijui kama alishtuka wakati ule, au alikuwa amenijua tangu alipouliza kuhusu sugu. Sura yake haikuniambia. Vidole vyake vililegea kidogo ndani ya vyangu, kama vinavyolegea siku zote. Nikavibana. Safari hii sikukubali.

"Waringa," akasema.

"Ndiyo."

"Kibanda umemwachia nani?"

"Nimefunga."

Sikio la kulia lilikuwa dogo, la mtu mwingine kabisa, limevimba chini ya pamba. La kushoto lilikuwa bado linaning'inia kama kwenye picha. Koki alimsaidia kugeuka, akalala kwa mgongo kwanza apumzike, na Daktari Wasike akachukua sindano ya pili ya ganzi.

"Daktari, ngoja," Mama akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Huyu ashike kwanza."

"Ashike nini?"

Mama mwenyewe aliuinua mkono wangu uliokuwa huru, akauvuta mpaka kwenye ndewe ya kushoto, akaupitisha ndani. Vidole vitatu vikaingia. Ilikuwa na joto, laini, nyembamba kuliko nilivyodhani. Na vidole vyangu, ambavyo sikuvifundisha mimi, vikajikunja vyenyewe na kuvuta polepole, vile vinavyomvuta Mbugua kila usiku. Mama akafumba macho.

"Ndivyo," akasema. "Ulikuwa unafanya hivyo hivyo."

Machozi yalinitoka na sikuyafuta, maana mkono mmoja ulikuwa sikioni na wa pili ulikuwa umeshikwa. Daktari alitazama saa yake, akaitazama sindano, kisha akajifanya anapanga vifaa vyake upya.

Nje nikasikia viatu vya visigino vikipanda ngazi mbio, halafu sauti ya Warigia mlangoni, akihema. "Samahani, nimechelewa. Naeza ingia? Mama yangu ndio anashonwa."

"Ngoja hapo kwa benchi," Koki akamjibu. "Ni mtu mmoja tu anaruhusiwa, na mama yake yuko ndani tayari."

"Mama yake nani?"

Mama alisikia. Alifumbua jicho moja, akanitazama, na kona ya mdomo wake ikacheza. Kisha akalifumba tena. Hakuita mtu.

Nami sikutoa mkono.